Leseni ya Mtu Mmoja

Ujumbe ulimtakia Sabiri Mbaruku afya njema, kisha ukauliza Mwantumu ni nani.

Mwantumu aliusoma akiwa amepiga magoti mkekani, kijiko cha uji mkono mmoja, simu mkono wa pili. Sabiri alikuwa ameegemezwa ukutani kwa mito, mdomo wazi, akisubiri. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala tangu mwezi wa Ramadhani, alipoanguka bafuni na kuokotwa akiwa hawezi kuita mtu. Usemi ulikuwa umeondoka pamoja na mkono. Maneno machache ndiyo yaliyorudi: maji, hapana, mama. Jina la mkewe halikurudi. Alipomtaka aliinua mkono mzima na kusema, "Yeye."

"Yeye," alisema sasa, kwa sababu kijiko kilikuwa kimesimama njiani.

"Nakuja, baba Shamsia. Meza kwanza hicho."

Binti yao Shamsia alikuwa shule ya bweni. Mwantumu alimlisha mumewe mpaka bakuli likaisha, akamfuta kidevu, ndipo akaurudia ujumbe. Ulitoka kwa wakala wa kampuni aliyekuwa Dar es Salaam, kijana aitwaye Deogratius. Alikuwa ameandika kwa adabu. Alisema kuna mtu ameomba msaada wa kiufundi kupitia leseni ya Bwana Sabiri, na mtu huyo amejisaini kwa jina la Mwantumu. Kampuni ingependa kufahamu ana uhusiano gani na mwenye leseni.

Alikumbuka. Programu yao ilikuwa imegoma kufunguka kwenye simu za toleo jipya, naye alikuwa amehangaika nayo huku akimgeuza mgonjwa ubavu huu na ule ili asipate vidonda. Mwisho akaiandikia kampuni kuomba msaada, na chini akaweka jina lake, kama mtu anavyoweka jina lake chini ya barua yoyote.

Programu hiyo waliiita Zamu. Ilitumiwa na wafugaji na wakulima walioishi kuzunguka lambo moja la Handeni, upande wa nyanda kavu, ambako njia ya ng'ombe kwenda majini ilipita katikati ya mashamba ya mahindi. Mfugaji alibonyeza anapotaka kuondoka na mifugo. Mkulima wa njiani alipata taarifa, akatoka kusimama mpakani mwa shamba lake mpaka kundi lipite. Ni hilo tu ilifanya, lakini tangu ilipoanza hakuna aliyeshikiana panga na mwenzake kwa ajili ya mahindi.

Sabiri na Mwantumu walikuwa wameiandika pamoja, kwenye meza moja, hapa hapa Kwamndolwa, pembeni mwa mji wa Korogwe. Wafugaji walikuwa na simu za bei poa, wafanyabiashara wa ng'ombe kutoka Segera walikuwa na simu za gharama, na ofisi ya kijiji ilikuwa na kompyuta. Kwa kawaida hizo ni programu tatu tofauti. Walipata zana za kampuni moja ya ng'ambo zilizowawezesha kuandika mara moja na kazi ikakubali kote. Zana hizo zilikodishwa kwa leseni, na leseni ilikuwa ya mtu mmoja aliyetajwa kwa jina. Waliweza kulipia moja tu. Aliyejaza fomu ni Sabiri, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba na mkataba na wananchi ulikuwa kwa jina lake. Wakati ule hakuna hata mmoja wao aliyeliona kuwa jambo la kujadiliwa.

"Nani kaandika?" aliuliza mama mkwe kutoka mlangoni. Bi Maryamu alikuwa ameshuka kutoka Mpale mwanawe alipougua, na hakuwa amepanda tena mlimani tangu hapo.

"Watu wa kazini, mama."

"Kompyuta hiyo ndiyo iliyomla mwanangu kichwa. Sasa bado inamdai nini?"

*

Deogratius alipiga simu kabla Mwantumu hajajua ajibu nini.

"Dada Mwantumu, pole na majukumu. Naona Bwana Sabiri hapokei namba yake."

"Anaumwa kidogo."

"Pole sana. Yuko hospitali?"

"Yuko nyumbani. Anaendelea vizuri."

Mwantumu alisikia vidole vyake vikibonyeza kibodi. "Naomba nikueleze wazi, dada. Hili halijatoka kwangu. Kampuni imenunuliwa na wenye mtaji mkubwa, na sasa wanakagua leseni zote za zamani. Wameona jina tofauti. Wanataka kumwona mwenye leseni kwa video, wamuulize swali moja, wafunge faili."

"Swali gani?"

"Kama ni yeye mwenyewe anayeitumia."

"Na kama mkewe anamsaidia?"

"Masharti yanasema mtu mmoja, dada." Alishusha sauti. "Akisema ndiyo, mimi naandika ndiyo. Sina haja ya kuchimba zaidi."

Mwantumu aliielewa huruma iliyokuwamo kwenye maneno hayo, na aibu iliyokuja nayo. Alikubali siku.

Tangu hapo, kila baada ya kumnyoosha viungo, alimfanyisha mumewe zoezi jingine. Alikaa mbele yake, akamshika goti, akauliza kwa sauti ya kiume, "Bwana Sabiri, kazi hii unaifanya wewe mwenyewe?" Kisha akatikisa kichwa chake juu chini ili amwige. Mara za kwanza Sabiri alimtazama tu. Baadaye alishika. Akiguswa goti aliitikia kwa kichwa, na akiitikia sawasawa Mwantumu alimpa kipande cha embe. Bi Maryamu aliliona hilo siku moja, akaweka chini ungo aliokuwa anapepetea.

"Unamfundisha mwanangu kama kasuku."

"Mama, nifanye nini?"

"Sijui. Ila mimi sikumlea hivyo."

"Nami sikuolewa hivyo," alisema Mwantumu, na mara akajuta, maana Sabiri alikuwa anawatazama mmoja baada ya mwingine, na jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kulengalenga machozi.

*

Siku ya video walimwogesha mapema. Bi Maryamu alimnyoa ndevu mwenyewe, polepole, akiuvuta ule upande wa shavu uliolegea ili wembe usimkate. Walimvika shati la Idi. Mkono uliokufa haukutaka kuingia kwenye shati. Ilibidi wavue tena, waanze na mkono huo, ndipo wamalizie na ule mzima. Mwantumu alimkalisha kwenye kiti chenye mikono, akamfunga kiunoni kwa kanga ili asiteleze, juu ya kanga akashusha shati ionekane ni mtu aliyekaa tu. Aliweka kompyuta juu ya stuli. Alifunga dirisha, lakini jirani yao Agripina alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mnampeleka wapi mgonjwa na shati zuri hivyo?"

"Haendi popote, mama. Ana mazungumzo."

"Mazungumzo?" alisema Agripina, na akabaki pale pale.

Uso wa Deogratius ulitokea. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Pembeni yake kwenye kioo kulikuwa na mraba mweusi usio na sura.

"Mwenzangu wa makao makuu anatusikiliza," alisema. "Kiswahili hakijui, nitamtafsiria. Bwana Sabiri, habari za leo?"

Sabiri aliutazama uso ule. Mdomo wake ulicheza upande mmoja.

"Koo limemkauka," alisema Mwantumu, aliyekuwa amechuchumaa kando ya kiti, nje ya picha. "Anakusikia."

"Sawa. Pole kwa kuugua, kaka. Sitakuchosha, swali ni moja. Kazi zilizofanyika kwa leseni hii tangu mwezi wa tatu, umezifanya wewe mwenyewe?"

Mwantumu aligusa goti.

Sabiri hakuitikia. Aligusa tena, akalibana. Nje kuku wa Agripina walikuwa wakiparua. Sabiri aliutazama ule mraba mweusi, kisha mkono wake wa kushoto ukaanza kuondoka kwenye kiti. Ulitembea hewani ukitetemeka, ukashuka, ukatafuta, mpaka ukaupata mkono wa gauni la mkewe. Akavuta. Alivuta kwa nguvu ambayo Mwantumu hakujua bado anayo, mpaka kichwa cha mkewe kikaingia kwenye picha, nywele zikichomoza chini ya mtandio.

"Yeye," alisema Sabiri.

"Baba Shamsia—"

"Yeye. Yeye."

Deogratius aliinamisha macho. Hakutafsiri. Ndani ya mraba mweusi sauti ya mwanamke iliuliza kitu kifupi, nayo ikauliza tena, na hapo kijana akajibu kwa sentensi moja. Haikuwa ndefu. Mwantumu alisoma Kiingereza chuoni, akaielewa yote: anayefanya kazi ni mke.

"Niandikeni mimi basi," alisema haraka. "Kazi naijua. Badilisheni jina, pesa ni ile ile, mashine ni ile ile."

"Leseni ya aina ile haiuzwi tena, dada. Ilikuwa ya watengenezaji wadogo, kabla kampuni haijanunuliwa. Haihamishwi. Ya sasa ni nyingine." Akataja bei yake. Ilikuwa kubwa kuliko chochote ambacho wananchi wa lambo wangeweza kuchanga, na namna alivyoitaja ilionyesha kwamba analijua hilo.

"Na akifa?"

Aliyeuliza alikuwa Bi Maryamu, amesimama nyuma na kibakuli cha povu la kunyolea.

"Samahani, mama?"

"Nakuuliza, mwanangu. Huyu akifa, hiyo leseni inakwenda kwa nani?"

"Haiendi kwa mtu, mama. Inakwisha."

"Basi mlimuuzia nini?"

Picha ilipokatika, Agripina alikuwa bado mlangoni. Alisema, "Jamani poleni," akaondoka upesi, kama mtu aliyeingia chumba cha watu akawakuta hawajavaa.

Mwantumu alimfungua mumewe ile kanga.

"Mwanangu kasema kweli," alisema Bi Maryamu. Kulikuwa na fahari katika sauti yake.

"Kasema kweli, mama. Kesho tutaipika hiyo kweli?"

*

Zana zile zilikuwa zimeacha sehemu yake ndani ya kila simu, na sehemu hiyo kila baada ya muda ilipiga hodi kwa kampuni kuuliza kama leseni bado ni hai. Taarifa rasmi ilisema kwamba mwisho wa wiki jibu litakuwa hapana.

Mwantumu alimpigia Koikai, mwenyekiti wa wafugaji wa lambo, akamweleza.

"Subiri, mama Shamsia," alisema Koikai. "Sisi si tulishailipia?"

"Mlilipia programu. Leseni ni ya zana zilizotengeneza programu."

"Fundi amenijengea nyumba. Leo mwenye nyundo anakuja kunifungia mlango?"

"Ndivyo ilivyo."

Upepo wa Handeni ulivuma ndani ya simu. "Umechagua wakati mbaya, mama. Vuli imekatika. Visima vya juu vyote vimekauka, kila mtu anashuka lambo. Na mahindi ya watu ndiyo kwanza yanabeba."

"Sikuchagua mimi."

"Najua. Nimesema vibaya. Haya, nitawaambia watu."

Aliwaambia aliowapata. Alizunguka kwa pikipiki boma hadi boma, na kwa wakulima alimwomba mwenyekiti wa kijiji atangaze. Lakini wengine walikuwa mbali na mifugo, na wengine walisikia wakadhani ni maneno tu. Zamu ilipozimwa, simu hazikusema imezimwa. Zilitoa mstari mmoja wa Kiingereza juu ya kioo cheupe. Mzee Hiza, aliyekuwa na shamba kubwa kuliko yote njiani, aliutazama mstari ule akadhani bando limekwisha. Alinunua bando. Parsaoti, kijana wa boma la juu aliyeoa mwaka huo, aliuona mstari ule ule, akabonyeza kama alivyozoea kubonyeza, akaamini taarifa imekwenda. Akawaondosha ng'ombe.

Kundi jingine lilikuwa linatoka lambo wakati lake linashuka. Makundi yalikutana kwenye wembamba wa njia, ng'ombe wenye kiu na ng'ombe walioshiba, yakasukumana, na boma la miba la Mzee Hiza likaanguka. Hapakuwa na mtu mpakani. Vijana wa Hiza walipofika mbio, nusu ya shamba ilikuwa imelala, na Parsaoti alikuwa katikati ya mahindi, fimbo juu, akijaribu kuwatoa. Wao waliona fimbo tu. Mmoja alikuwa na panga.

Koikai alipopiga simu hakusalimia.

"Wameingia kwa Hiza," alisema. "Parsaoti kakatwa mkono. Tunamleta Korogwe."

*

Hospitalini Mwantumu alibeba chapati na chupa ya chai. Nje ya wodi ya wanaume alimkuta Nalangu, mama yake Parsaoti, amekaa sakafuni na miguu imenyooka mbele. Shanga za shingoni alikuwa amezivua, zimelala mapajani mwake. Koikai alikuwa amesimama karibu naye.

Mwantumu aliinama. "Takwenya," alisema, kama Koikai alivyowahi kumfundisha kuwaamkia wanawake wa kwao.

Nalangu hakuitika. Kiswahili alikijua vizuri, na salamu hiyo ilikuwa ya kwao. Aliitazama chupa ya chai tu.

"Mkono haujatoka," alisema Koikai kwa sauti ya chini. "Wameushona. Lakini daktari anasema mishipa ya vidole imekatika, havitakunja tena. Mkono wa kulia."

"Na Mzee Hiza?"

"Yuko polisi na mwanawe. Mahindi hana, mwana hana. Mkewe ameniuliza nani atamlipa, nikamwambia sijui."

Mwantumu aliweka chapati sakafuni karibu na Nalangu. "Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Wewe ndiye uliyezima?" aliuliza Nalangu bila kuinua macho.

"Hapana, mama."

"Nani kazima?"

Mwantumu alitafuta namna ya kusema. Kampuni. Masharti. Mtu mmoja aliyetajwa kwa jina. Maneno yote yalikuwa kweli, na hapo kwenye sakafu ile hakuna hata moja lililokuwa na uzito wa kulitamka.

"Mume wangu anaumwa," alisema hatimaye.

"Na mwanangu anaumwa," alisema Nalangu, akageukia ukuta.

Mwantumu alirudi nyumbani kwa miguu. Sabiri alikuwa amelazwa kivulini barazani, na alipomwona aliinua mkono wa kushoto.

"Yeye."

Hapo ndipo kitu kilichokuwa kimefungwa ndani ya Mwantumu kilipofunguka.

"Ungenyamaza tu!" alisema. "Maneno yamekukimbia yote, siku moja tu nilitaka unyamaze! Kijana wa watu hana mkono. Hiza yuko ndani. Ulikuwa unataka nini? Kuniheshimu? Kwa nini hukuniheshimu siku ile ya kujaza fomu, ulipokuwa na mikono miwili na ulimi wako mzima?"

Sabiri alimtazama. Uso ulijikunja upande mmoja, na kutoka kooni ikatoka sauti ambayo haikuwa neno. Aliinua mkono tena. "Yeye," alisema kwa hofu. "Yeye. Maji."

Bi Maryamu alitoka jikoni na kikombe. Alimnywesha mwanawe, akamfunika miguu, kisha akaja kukaa kwenye kizingiti karibu na mkwewe.

"Siku ile," alisema bibi, "nilijisifu kwamba mwanangu kasema kweli. Nimekuwa nikiwaza. Labda hakusema lolote. Aliogopa lile giza kwenye kioo, akakuita, kama anavyokuita akitaka maji."

Mwantumu alifunika uso. Alikuwa ameliwaza hilo pia, njia nzima kutoka hospitali. Kwamba mumewe alikuwa amemrudishia kazi yake mbele ya watu, kwa neno moja kati ya machache aliyobaki nayo; au kwamba aliona kiza akaogopa, akataka mkewe. Hakuna daktari ambaye angeweza kumwambia ni lipi. Na mwenyewe hangeweza kusema tena.

"Mimi sitajua, mama."

"Hutajua," alikubali Bi Maryamu. "Wala mimi. Inuka, nenda kaoge. Leo nitamlisha mimi."

*

Wananchi wa lambo walivunja mkataba. Koikai alileta habari mwenyewe, akaona aibu, akaagana kabla ya kumaliza soda. Mwantumu alipata kazi kwenye duka la stesheni mjini, kuchapa maombi ya kazi ya watu na kutoa nakala. Wateja walimwita dada wa kompyuta. Wengine walisimama nyuma ya bega lake wakimfundisha mahali pa kuweka nukta.

Mchana aliporudi aliketi mezani. Zilikuwapo zana nyingine, zisizo na mwenyewe wa kuzifunga. Leseni ya zana hizo ilimruhusu mtu yeyote kuzitumia, kuzinakili na kuzirithisha bila kuomba. Wakati wanaanza, zilikuwa changa na hazikukubali simu za bei poa, ndiyo maana waliziacha. Sasa zilikubali, lakini hakuna mstari wa Zamu ulioweza kuhama. Ilibidi aiandike upya yote. Alipokwama aligeuka kuuliza, kama alivyozoea miaka yote, na kila alipogeuka alimkuta Sabiri ameegemea mito akiangalia nzi juu ya dari. Bi Maryamu alichukua kazi ya uji, kisha ya kuogesha, kisha ya kumgeuza. Hakusema kwa nini. Mpale hakurudi.

Masika yalipokatika programu ilifunguka. Mwantumu aliiweka kwenye simu, akampelekea mumewe kitandani. Sabiri aliishika kichwa chini miguu juu. Mwantumu akaigeuza, akaiweka tena kiganjani mwake. Aliitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mtoto wa mgeni, kisha akamrudishia.

*

Alipanda gari mpaka Segera, akabadilisha hapo, akafika Handeni jua likiwa kali. Koikai alimpokea kwa pikipiki. Watu waliokuja lambo hawakuwa wengi. Mzee Hiza alikuwa ametoka kwa dhamana, kesi ikisubiriwa, naye alisimama mbali kwenye ukingo wa shamba lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi nimekuja kukuona tu, mwanangu, usije ukasema Hiza kakimbia. Simu sitaki tena. Nashinda shambani mwenyewe. Wameshanizoea hata ndege." Alitaka kucheka, ikashindikana. "Mumeo hajambo?"

"Hajambo, mzee."

"Nisalimie sana."

Wachache waliikubali programu kwa ajili ya Koikai. Wengine waliishika simu ya mfano, wakairudisha, wakasema watakuja siku nyingine. Mwisho alibaki Nalangu, aliyekuwa amekaa pembeni muda wote akiangalia maji. Mwantumu alimwendea, akamwamkia, akachuchumaa mbele yake.

"Hii nayo ataizima nani?" aliuliza Nalangu.

"Hakuna, mama. Zana hizi hazina jina la mtu. Hata mimi nikifa, mwingine anaweza kuichukua akaendelea nayo."

"Ile nayo mumeo alituambia haitazimika. Alisimama hapo hapo ulipo."

"Alisema. Hakujua."

"Na wewe unajua?"

Mwantumu alitaka kusema ndiyo. Koikai alikuwa anamtazama, akimwomba kwa macho aseme ndiyo.

"Masharti yake nimeyasoma neno kwa neno," alisema. "Sikuona pa kuizimia. Zaidi ya hapo siwezi kukuapia, mama."

Nalangu aligeukia maji. Ng'ambo ya lambo Parsaoti alikuwa anajaribu kumfungua ndama kamba ya shingoni. Mkono wa kulia ulining'inia. Alishika fundo kwa wa kushoto, akaling'ata, akavuta kwa meno. Tangu Zamu izimwe walikuwa wamerudi kwenye desturi ya zamani, mtu anakimbia mbele ya kundi akipiga kelele ili wakulima wasikie, na baada ya mambo ya Hiza kila aliyetangulia alikimbia akiwa na hofu. Ndama alijitikisa, kamba ikamponyoka Parsaoti mdomoni. Akaanza upya.

Mama yake aliingiza mkono kwenye mkunjo wa shuka, akatoa simu ndogo iliyopasuka kioo, akaitia mkononi mwa Mwantumu.

"Weka," alisema. "Huyu sitamtuma tena na mkono mmoja kukimbia mbele ya ng'ombe, na mwingine wa kumtuma sina."